Ndama waliojikunja: jeni moja katika nasaba ya Angus, 2008

Ndama anazaliwa amekufa. Ni mdogo kuliko wenzake wa msimu huo na misuli imekonda hadi ngozi imelala juu ya mfupa. Uti wa mgongo umepinda, miguu imekakamaa kwenye viungo, na ukijaribu kuikunja au kuinyoosha inagoma kama tawi kavu. Ukimfungua kinywa, mara nyingi utakuta kaakaa lina mpasuko. Kumtoa tumboni huwa kazi, kwa sababu mwili mkavu haugeuki njiani. Wapo waliolazimika kutolewa kwa upasuaji. Mama yake ni mzima, kiwele kimejaa, na mwaka uliopita alizaa dume aliyeuzwa vizuri mnadani.

Kabla ya mwaka 2008, baadhi ya ranchi za familia zinazofuga ng'ombe wa nyama aina ya Angus wa nasaba nchini Marekani zilikuwa zimeshamwona ndama wa namna hii, mmoja au wawili. Wengi walimzika na kunyamaza. Ugonjwa huo kitaalamu huitwa arthrogryposis multiplex, kwa kifupi AM, na wafugaji waliuita ugonjwa wa ndama aliyejikunja. Kisa chake kinastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua, kwa kuwa kinaonyesha jinsi jeni moja inavyoweza kusafiri miaka mingi ndani ya koo bora kabisa bila mtu kuiona, na jinsi ranchi inavyoweza kujinasua bila kuchinja nusu ya kundi.

Kwanza, biashara yenyewe. Ranchi ya nasaba haiishi kwa kuuza nyama. Inauza madume na mitamba wa kuzalisha, pamoja na hati inayosema baba ni nani, mama ni nani, na mababu ni akina nani hadi vizazi kadhaa nyuma. Hati hizo hutunzwa na chama cha wafugaji wa aina hiyo. Kwa Angus wa Marekani ni American Angus Association, chenye makao yake Saint Joseph, Missouri. Mnunuzi anayetaka dume wa nasaba hulipa zaidi ya thamani ya kilo zake, kwa sababu ananunua matarajio yaliyoandikwa kwenye hati: ndama watazaliwa na uzito gani, watakua kwa kasi gani, nyama yao itakuwa na mafuta kiasi gani yaliyotawanyika ndani ya msuli.

Hapo ndipo dume mmoja anapopata umaarufu. GAR Precision 1680 alizaliwa mwaka 1990, akazalishwa na ranchi ya familia jimboni Kansas. Takwimu zake za ubora wa nyama zilikuwa za juu, na mbegu zake zikanunuliwa kila upande. Mshindo mmoja wa dume hujaza mirija midogo ya mbegu mia kadhaa, na mirija hiyo hukaa kwenye naitrojeni ya maji, yenye baridi kali, kwa miaka mingi bila kuharibika, kwa hiyo dume anaendelea kuzaa hata akishakufa. Wanawe wa kiume nao wakawa madume ya uhimilishaji, yaani wa kupandikizwa mbegu zao kwa mrija, na mabinti zake wakawa majike wa kuvunwa viinitete, yaani mimba changa za kuhamishiwa kwa majike wengine. Hakuna aliyekosea. Kila mfugaji alifanya kile ambacho takwimu zilimwambia afanye.

Ila dume huyo alikuwa na nakala moja mbovu ya kipande fulani cha DNA. Alikuwa ameirithi: mnyororo ulipofuatwa nyuma ulifika kwa babu yake wa upande wa mama, Rito 9J9 of B156 7T26.

Ubovu wenyewe ni pengo. Karibu jozi 23,000 za herufi za DNA hazipo, na pengo hilo limekula sehemu ya jeni inayotengeneza protini iitwayo agrini. Agrini hufanya kazi pale neva inapogusa msuli. Bila yake amri ya neva haimfikii mwenye kuitekeleza. Kijusi kisichopokea amri hakichezi tumboni, na kiungo kisichochezeshwa kwa miezi kinaganda. Ndiyo maana ndama huyu amekakamaa na hana misuli. Lakini mnyama mwenye nakala moja nzima na moja mbovu anatengeneza agrini ya kumtosha. Anatembea, anakula, anapanda, anazaa, na hakuna jicho wala mizani itakayomtofautisha na ndugu yake aliye safi. Huyo ndiye mbebaji.

Sasa tupige hesabu, maana kisa chote kimo humo.

Mbebaji akipanda jike aliye safi, hafi ndama hata mmoja. Nusu ya ndama watakuwa wabebaji, nusu safi. Wabebaji wawili wakikutana, robo ya ndama wao hurithi nakala mbovu mbili, na hao ndio wagonjwa. Miaka ya mwanzo dume huyo alipotumika juu ya majike wasio ndugu zake, ranchi zilipata ndama wazuri tu. Baadaye watoto wake wakaanza kukutana. Mtoto wa kiume wa mbebaji ana uwezekano wa nusu kuwa mbebaji, na binti vivyo hivyo. Ukiwapandisha ndugu hao wa baba mmoja, uwezekano wa ndama mgonjwa ni nusu mara nusu mara robo: mmoja kati ya 16. Wajukuu wakikutana, ni robo mara robo mara robo: mmoja kati ya 64. Katika kundi ambalo ndama watatu au wanne kwa mia hufa kila msimu kwa baridi, kwa kuzaliwa vibaya au kwa kukosa maziwa ya mwanzo, nani atashtuka kwa mmoja kati ya 64?

Kuna lililozidisha ukimya. Ndama aliyepinda ana sababu nyingine nyingi, na zote ni za kweli. Jike akila mimea ya jamii ya lupini yenye sumu, hasa kati ya siku ya 40 na ya 70 ya mimba, huzaa ndama aliyepinda miguu na mgongo. Virusi vya Akabane, vinavyoenezwa na wadudu wanaouma, hufanya vivyo hivyo. Virusi hivyo vimewahi kupatikana Kenya pia. Kuhara kwa virusi vya BVD nako huharibu vijusi. Kwa hiyo mfugaji alikuwa na maelezo tayari mkononi: lupini, au mwaka wa mbu wengi.

Kulikuwa pia na kumbukumbu mbaya. Miaka ya 1950 Angus wa Marekani na ng'ombe wa aina nyingine, Hereford, walikumbwa na ubilikimo wa kurithi, ndama wafupi wenye tumbo kubwa wanaohema kwa kukoroma. Wakati huo hapakuwa na kipimo cha DNA. Koo zilizotajwa ziliporomoka bei, na mwenye kukiri alionekana amejichongea. Familia zilizopita hapo ziliwarithisha watoto wao tabia ya kuzika haraka. Tabia hiyo, kwa maoni yetu, iliua ndama wengi kuliko jeni yenyewe, kwa kuwa kila maiti iliyozikwa bila sampuli ilisogeza mbele siku ya kupata jibu.

Jibu lilipatikana pale maiti zilipoanza kufikishwa maabara. David Steffen wa Chuo Kikuu cha Nebraska alichunguza ndama. Jonathan Beever wa Chuo Kikuu cha Illinois akafuatilia DNA. Chipu zenye uwezo wa kusoma alama zaidi ya 50,000 katika DNA ya ng'ombe zilikuwa ndiyo kwanza zimetoka. Kwa ugonjwa wa kurithi kutoka pande zote mbili, kazi ni kutafuta eneo ambalo ndama wagonjwa wote wana nakala mbili zinazofanana kabisa huku wazazi wao wazima hawako hivyo. Septemba 2008 chama kilitangaza hadharani kwamba tatizo lipo na ukoo gani unahusika. Kabla ya mwaka kwisha, kipimo kilikuwa mikononi mwa wafugaji.

Fikiria tangazo hilo lilivyoifikia ranchi ya familia. Ni vuli. Majike wa kuzaa vuli wanazaa. Minada ya mitamba ni Oktoba na Novemba, na ya madume ni Februari hadi Aprili, kwa hiyo orodha za mnada zinaandaliwa. Tangi la naitrojeni limejaa mirija ya madume ambao hujui hali zao. Na kila mteja anapiga simu.

Waliofanya vizuri walipima kwa mpangilio. Madume walitangulia, kwa sababu ni wachache na mkono wa kila mmoja unafika kwa ndama 25 au 30 kwa msimu, au mamia kwa uhimilishaji. Kisha majike wa kuvunwa viinitete. Kisha wanyama wote waliokuwa kwenye orodha ya mnada. Mwisho majike wa kawaida wenye jina la hatari kwenye hati. Mnyama ambaye baba na mama wamepimwa na wote ni safi hana haja ya kupimwa. Nakala mbovu haitoki hewani.

Hapo pana mtego uliowanasa wengi: mantiki hiyo inasimama tu kama baba ni yule aliyeandikwa. Chukua ranchi inayohimilisha kwanza, halafu inaachia dume wa kumalizia majike ambao hawakushika mimba. Dume akiachiwa kesho yake, ndama wa dume huyo na wa dume wa mrija watazaliwa siku zilezile, maana mimba ya Angus ni takriban siku 280 na kila jike hutangulia au huchelewa siku kadhaa. Subiri siku 10 hadi 14 ndipo umwachie dume, na ndama watakaozaliwa katikati ya makundi mawili wapimwe nani ni baba. Malisho yenye madume wawili, au uzio ambao dume wa jirani ameshauruka, hayana "safi kwa nasaba". Yana kubahatisha.

Baada ya majibu inakuja kazi ya kuamua, na hapa ndipo familia nyingi zilipoteza fedha. Tuchukue kundi la mfano lenye majike 200, wabebaji 60. Mwenye hofu anawapeleka wote 60 machinjioni. Amepoteza karibu theluthi ya kundi, pamoja na mazuri yote waliyobeba: uzazi mwepesi, maziwa, nyama. Mwenye kupuuza anaendelea na dume mbebaji: robo ya ndama wa wale 60, yaani 15, watazaliwa wamekufa, na majike hao 15 watakula mwaka mzima bila ndama wa kuuza.

Njia ya tatu ni rahisi kuliko zote mbili. Tumia madume safi tu. Msimu huohuo vifo vya AM vinakuwa sifuri, hata kama wabebaji 60 wote bado wamo kundini. Ndama wao 60 wapimwe. 140 wa majike safi waachwe. Katika hao 60, karibu 30 watakuwa wabebaji, na hao waende kunenepeshwa kwa nyama, ambako jeni hiyo haimdhuru mlaji wala mnyama. Thelathini walio safi ni wanyama kamili wa nasaba, sawa na yeyote. Ranchi ikibadilisha majike 40 kwa mwaka na kuingiza mitamba safi pekee, baada ya miaka mitano mbebaji wa mwisho ameondoka kwa uzee wake. Hakuna jike mzuri aliyeondolewa kabla ya wakati.

Hata mirija ya dume mbebaji haikuhitaji kumwagwa. Juu ya majike wa aina nyingine, pale ambapo ndama wote wanaenda nyama, haina hatari yoyote. Kosa ni kubakiza mabinti wa mchanganyiko huo na kuwarudishia dume wa Angus asiyepimwa.

Jambo hilo linatupeleka kwa mteja, na tunataka kukaa hapo kidogo, kwa kuwa ndipo dhamana ya ranchi inapopimwa. Aliyenunua dume mara moja kwa ajili ya majike wasio Angus hakuwa hatarini. Aliye hatarini ni mteja mwaminifu. Mwaka wa kwanza ananunua dume, ambaye kumbe ni mbebaji. Anabakiza mabinti 20. Kwa wastani 10 kati yao ni wabebaji. Ameridhika, kwa hiyo miaka mitatu baadaye anarudi kwenu na kununua ndugu wa baba mmoja wa dume yuleyule. Naye akiwa mbebaji, robo ya ndama wa wale 10 watakufa: wawili au watatu katika 20. Kadiri mteja alivyowaamini na kurudi, ndivyo alivyoumia. Ranchi yenye daftari la mauzo ilikuwa na uwezo wa kuona hilo mezani kabla mteja hajaona ndama zizini: nani alinunua madume wawili wa ukoo mmoja, na anabakiza mabinti? Watu hao ndio wa kupigiwa simu kwanza, kwa namba ya dume na majibu ya kipimo, pamoja na ushauri wa aina ya dume anayefuata.

Chama kwa upande wake kiliweka sharti kwamba watoto wa mbebaji wapimwe kabla ya kuandikishwa, na matokeo yaonekane kwa kila mtu. Angus Australia ilikwenda njia yake: ikakokotoa kwa kila mnyama asiyepimwa uwezekano wa kuwa mbebaji, ukitokana na nasaba na vipimo vya ndugu zake. Njia zote mbili zina jambo moja la msingi, nalo ni kwamba habari iko wazi kwa mnunuzi. Na uwazi huo ulizaa matunda upesi. Mwaka 2009 ugonjwa wa pili, wa ndama mwenye kichwa kikubwa kilichojaa maji, ulitambuliwa katika ukoo uleule.

Ni vema kujua kipimo cha DNA kiliokoa nini. Kabla yake, njia ya kuthibitisha kwamba dume ni safi ilikuwa kumpandisha na mabinti zake mwenyewe. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 unahitaji ndama 23 wazima bila mgonjwa hata mmoja. Kwa asilimia 99, ndama 35. Dume anaanza kupanda akiwa na miezi 15, mabinti wanazaliwa akiwa na miaka miwili, wanapandwa akiwa na miaka mitatu na kitu, na jibu linapatikana akifikisha miaka minne. Kufikia hapo ameshauza mirija yake yote. Leo ni nywele chache kutoka ncha ya mkia.

Kwa Afrika Mashariki kisa hiki kina mlango wake. Ng'ombe wa nyama aina ya Boran wa Kenya wana chama chao cha wafugaji tangu 1951, na ranchi za nasaba ni chache, nyingi zikiwa Laikipia. Madume huzunguka kutoka jirani hadi jirani. Boran wa Afrika Kusini walianzishwa kwa viinitete vya Kenya katika miaka ya 1990. Pale ambapo kundi la mwanzo ni dogo na dume mmoja anapendwa na wote, hesabu ya mmoja kati ya 16 na mmoja kati ya 64 inafanya kazi vilevile, kwa jeni yoyote fiche itakayokuwemo. Hatusemi AM ipo kwa Boran. Tunasema daftari la vifo vya ndama, lenye namba ya baba na ya mama kwa kila mstari, ndilo chombo cha kwanza kitakachoonyesha kama kuna kitu.

Na anayeagiza mbegu za Angus kutoka nje ili kuchanganya na Boran au zebu (ng'ombe wa nundu) wengine, asome herufi zilizo pembeni ya jina la dume kwenye orodha ya muuzaji. AMF maana yake amepimwa na ni safi. AMC ni mbebaji. NHF na NHC ni vivyo hivyo kwa ugonjwa wa kichwa cha maji. Ukinunua AMC kwa bei nafuu kwa ajili ya majike wa kienyeji, ndama wa kwanza watakuwa wazima wote. Andika tu jina la dume kwenye daftari, ili miaka minne baadaye, mabinti hao wakihitaji dume, anayefuata awe AMF.

Akizaliwa ndama aliyepinda, mpige picha kwa upande na kutoka juu, kisha mpime uzito. Mweke mahali pa baridi bila kumgandisha, na umpeleke mzima maabara ya mifugo siku hiyohiyo; ubongo na uti wa mgongo huharibika haraka, na ndivyo vitakavyosema kama ni virusi. Asipoweza kufika, kata kipande cha sikio. Kwa mama, na kwa baba akiwepo, ng'oa nywele 20 hadi 30 za mkia zikiwa na mizizi yake, maana DNA iko kwenye mzizi na nywele iliyokatwa kwa mkasi haina faida. Ziweke kwenye bahasha ya karatasi, kila mnyama na yake. Usitumie mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu huleta ukungu. Juu ya bahasha andika namba ya mnyama, tarehe ya kuzaa, malisho aliyokuwemo mwezi wa pili na wa tatu wa mimba, na jina la dume kama lilivyo kwenye mrija.